Tupeane uzoefu: dawa za kienyeji na dawa za veterineri kwa mbwa na paka wetu

Mama Furaha (Himbi)

Wapenzi wa wanyama wa Goma, hodi. Simba, mbwa wangu, amezeeka. Miguu ya nyuma imekaza, asubuhi anajikokota mpaka jua limpige mgongoni ndipo analegea. Veterineri alimpima akasema viungo vimelika, akampa dawa ya maumivu ya mbwa, na akanikataza kabisa kumpa iboprofeni tunayomeza sisi, kwamba inatoboa tumbo la mbwa na kuua figo. Dawa yake inasaidia, siiachi.

Lakini sasa kila mtu ana lake. Jirani anasema nimkande kwa mawese ya moto. Shemeji anasema nimpeleke ziwani aogelee. Na jana pale soko la Virunga kijana ananadi kwa kipaza sauti chupa moja inayotibu tumbo la mtu, mbuzi aliyevimba na mbwa mwenye upele. Watu wananunua!

Nani kati yenu amewahi kuweka vyote pamoja, ya dokta na ya kwetu? Ilikuwaje? Simulieni mliyoyaona kwa macho, siyo ya kusikia.

Motari wa Majengo

Hiyo chupa naijua mama. Fungua kizibo unuse kwanza. Petroli tupu.

Yaya Jolie (Katindo)

Mama Furaha, umenikumbusha Tigre, mbwa wetu, na mambo ya Tigre siyaandiki mara nyingi.

Tarehe 22 mwezi wa tano 2021, volkano ya Nyiragongo ilipopasuka jioni ile, tulikuwa tunaishi Buhene. Wenye kujua Buhene wanajua. Tulitoka na watoto, godoro na sufuria, anga lote jekundu, na Tigre akakata kamba akapotea gizani. Siku chache baadaye wakatangaza watu wahame mji, tukaelekea Sake na umati ule mliouona wote. Watoto walikuwa wanamlilia mbwa kuliko nyumba.

Tuliporudi, nyumba haikuwepo. Mbwa alikuwepo. Amelala kando ya jiwe bado lina joto, nyayo zake zote nne zimebanduka, ile ngozi ngumu ya chini imetoka na ndani ni nyama nyekundu na nzi. Alinitambua akataka kusimama, akashindwa. Baba Tigre (mume wangu tunamuita hivyo mpaka leo) alimbeba kwenye chukudu (ile baiskeli ya mbao ya kusukuma) ya kuazima.

Veterineri tuliyempata ni mtu wa ng'ombe za Masisi, mbwa si kazi yake ya kila siku, lakini Mungu ambariki. Alimchoma sindano ya usingizi, akakata ngozi iliyokufa, akaosha, akampa sindano ya maumivu na antibiotiki. Halafu akatuambia: pomade (marhamu) ya kuungua mtaipata kwa bei ambayo hamna, na ninyi sasa hivi mnalala kwa watu, kwa hiyo tafuteni asali. Asali halisi, isiyochemshwa, isiyoongezwa sukari. Akatuonyesha kwa mikono yake. Maji yaliyochemka na kupoa, chumvi kidogo, unaosha bila kusugua. Unapaka asali kwenye kompresi, kile kitambaa safi cha kufunika kidonda, siyo moja kwa moja kwenye kidonda, maana ikigusa nyama mbichi mwanzoni inauma na mbwa atakuogopa. Bandeji juu yake, isikaze, halafu soksi ya mtoto. Mwanzo unabadilisha kila siku kwa sababu kidonda kinatoa maji mengi. Kikianza kukauka unaweza kuruka siku.

Alitueleza kwamba asali ni sukari nzito, inanyonya maji kutoka kwa vijidudu mpaka vinakufa, na ina asidi ambayo vijidudu havipendi. Sikuwa najua. Bibi yangu alikuwa anapaka asali lakini hakutuambia sababu.

Tatizo ni kwamba mbwa anapenda asali! Tigre alikuwa anakula bandeji. Tukachukua bidoni ya plastiki ya mafuta, tukakata chini na juu, tukazungusha kitambaa kwenye ukingo usimkate, tukamvisha shingoni. Watoto walicheka kwa mara ya kwanza tangu volkano.

Ngozi ilirudi. Kwanza ya waridi, laini, halafu ikawa nyeusi na ngumu tena. Kidole kimoja hakikuota kucha. Ila ninachotaka mshike ni hiki: asali ilitoka mdomoni mwa dokta, na sindano zake zilikwenda mpaka mwisho. Mtu asije akasema Yaya Jolie alitibu mbwa kwa asali peke yake.

Nsimire (Bukavu)

Nimelia. Pole sana yaya.

Papa Chukudu (Ndosho)

Asali ni kweli kabisa, nakubali. Na mimi nitoe yangu. Upele wa mbwa, ile gali inayowaacha bila manyoya, msipoteze dola kwa veterineri. Chukua mafuta ya moteri yaliyokwisha kutumika, yale meusi ambayo makanika wanamwaga, changanya na unga wa kibiriti cha njano, paka mwili mzima, funga mbwa juani. Ndosho yote tunafanya hivyo. Mbwa wangu watatu wamepona.

Mwana wa UNILU (Lubumbashi)

Habari za Goma. Mimi nasoma udaktari wa mifugo hapa Lubumbashi, nimefuatilia kimya, lakini hapo kwa Papa Chukudu siwezi kunyamaza. Shikamoo papa, naomba unisikilize.

Gali inaletwa na mdudu mdogo sana anayechimba ndani ya ngozi. Mafuta ya moteri yanaweza kumziba pumzi, ndiyo maana mnaona nafuu. Lakini yale mafuta meusi yamebeba vyuma na sumu za injini. Yanapita kwenye ngozi, na kile kinachobaki juu mbwa anakilamba. Ini na figo zinalipa baadaye, wewe unasema mbwa kafa kwa uzee.

Kilichowaponya mbwa wako, papa, yawezekana ni kibiriti. Salfa ni dawa ya kweli ya upele, hata madaktari wa ngozi za wanyama wanaogesha mbwa na paka kwa maji ya chokaa na salfa yaliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Kwa hiyo wazee hawakukosea kwenye salfa. Tupa mafuta, tafuta salfa ya kuogeshea, au mwone dokta amchome mbwa ivermektini, dawa ya kuua mdudu huyo, kwa kipimo cha uzito.

Papa Chukudu (Ndosho)

Wewe uko Lubumbashi kilomita ngapi kutoka hapa. Hapa veterineri akija nyumbani anataka dola kabla hajashuka kwenye moto (pikipiki). Mbwa wangu wanabweka mpaka leo.

Motari wa Majengo

Papa ana haki kuhusu bei. Tuseme ukweli.

Dada Neema (Mabanga)

Bei ndiyo, lakini gali inaruka kwa watu! Mbwa wa kwetu alipakwa hayo mafuta, watoto wakaendelea kumkumbatia, wakatoka vipele tumboni na mikononi, nguo zote zikaharibika kwa weusi. Tulilipa dispensari ya watoto kuliko tungelipa veterineri.

Papa Chukudu (Ndosho)

Watoto wasimguse mbwa wa ulinzi. Mbwa si mdoli.

Yaya Jolie (Katindo)

Papa, mbwa wa ulinzi naye anaumwa.

Mwana wa UNILU (Lubumbashi)

Nyongeza kuhusu ivermektini, kwa sababu najua kuna watakaonunua ile ya ng'ombe na kujichomea wenyewe. Kipimo cha ng'ombe na cha mbwa ni vitu viwili. Na kuna mbwa wenye damu ya koli na jamaa zake wachungaji wa Ulaya ambao dawa hiyo inaingia mpaka kwenye ubongo, wanatetemeka, wanapofuka, wanakufa. Mjini kuna mbwa wengi waliochanganyika, huwezi kujua kwa macho. Mwache dokta achague.

Muzee wa Kyeshero

Turudi kwa Simba wa Mama Furaha, maana mnamsahau mwenye swali.

Kuogelea ni kweli kunasaidia viungo. Mbwa wangu wa zamani alikuwa na nyonga mbovu, na dokta mwenyewe ndiye aliyesema maji yanabeba uzito, misuli inafanya kazi bila kifundo kubanwa. Mwanzo nilikuwa naingia naye maji ya kifuani kwake tu. Kikwembe (kitenge) cha mke wangu nilikipitisha chini ya tumbo lake, nikawa nashika ncha zote mbili juu ya mgongo, yeye anapiga miguu. Dakika chache, siyo mpaka achoke. Akitoka namkausha na gunia, namlaza pasipo upepo. Kivu haina mamba, hapo tumebarikiwa.

Lakini Mama Furaha, sikiliza neno la mtu mzima: angalia mazuku. Ninyi wa Himbi mnaweza msijue vizuri, sisi wa huku Kyeshero na wale wa Bulengo na Lac Vert tunaishi nayo. Ile gesi inatoka ardhini kwenye mawe ya lava, ni nzito kuliko hewa, inatuama kwenye mashimo na mabonde. Wewe umesimama, kichwa kiko juu, unapumua vizuri. Mbwa pua yake iko chini, na mbwa anaingia shimoni kufuata harufu. Analegea, analala, basi. Ni mbaya zaidi usiku na alfajiri pasipo na upepo. Ukiona ndege au mijusi wamekufa mahali pa chini, usiteremke hata kumfuata mbwa wako. Mpeleke ziwani mchana, mahali pa wazi penye upepo, na mfunge kamba.

Mama Furaha (Himbi)

Muzee aksanti sana. Mazuku nilikuwa nawaza mbuzi tu. Na kukanda?

Muzee wa Kyeshero

Kanda, ila mawese ya moto usitumie, utamchoma na atayalamba yote aharishe. Chupa ya maji ya uvuguvugu iliyofungwa kitambaa, weka pajani, halafu vidole taratibu kuzunguka misuli, siyo juu ya mfupa. Akigeuza kichwa kukutazama, umefika panapouma, punguza. Na mpunguze uzito. Simba mnampa ugali kiasi gani?

Mama Furaha (Himbi)

Anakula vizuri, muzee.

Dada Neema (Mabanga)

"Anakula vizuri" maana yake ni mnene 😄

Mtoto wa Goma (Ubelgiji)

Nawasalimu kutoka huku. Mimi nitasimulia kitu mtakachokataa.

Mbwa wa huku kwetu ni wa aina ile ndefu yenye miguu mifupi. Diski ya mgongo iliteleza, asubuhi akaamka miguu ya nyuma haimfuati. Dokta alimpiga picha, akasema hajafikia kupasuliwa, akampa dawa na kumfungia kwenye kizimba kidogo asiruke wala kupanda ngazi. Halafu kliniki hiyohiyo kuna veterineri mwingine aliyesomea tiba ya sindano ya Wachina. Anachoma sindano nyembamba mgongoni, hazina dawa yoyote ndani, anaziacha kwa muda. Mbwa wangu alikuwa analala palepale mezani. Baada ya hapo wakamtembeza ndani ya tangi la maji lenye mkanda unaozunguka chini.

Anatembea leo. Ni sindano? Ni kizimba? Ni maji? Dokta mwenyewe alikuwa muwazi kwangu: kupumzika na mazoezi ndiyo ana hakika nayo, sindano wataalamu bado wanabishania, yeye anaitumia kwa maumivu kwa sababu anaona inawatuliza baadhi. Nilimheshimu kwa hilo. Chama cha kimataifa cha veterineri wa sindano kipo tangu 1974, si jambo la jana, ila wanaoifanya ni madaktari kamili kwanza.

Motari wa Majengo

Sindano bila dawa ndani. Na unalipa?

Mtoto wa Goma (Ubelgiji)

Unalipa, ndugu yangu. Na huku pia kuna wanaouza vidonge vya sukari vya homeopati (dawa iliyozimuliwa mpaka karibu haimo) kwa paka mwenye kisukari, kwa hiyo msifikiri ujanja uko soko la Virunga peke yake. Uingereza ile taasisi ya kifalme inayosimamia veterineri ilitoa tamko mwaka 2017: homeopati haina ushahidi unaotambulika, na tiba kama hizo zisichukue nafasi ya ile iliyothibitishwa.

Mwana wa Birere

Nimesoma tangu mwanzo na nimeona kila mtu anaongelea mbwa aliyepona. Acheni niwaambie wa kwetu.

Alikuwa anaitwa Bobi. Mbwa wa baba mdogo, tunaishi parsele moja (kiwanja kimoja). Jioni moja mbwa wa mtaani asiyejulikana aliingia getini, akampiga Bobi, akamng'ata begani, akatoka. Alikuwa anatembea mdomo wazi, mate yanadondoka, hakuogopa mawe. Mimi nikasema huyu mbwa ana raje, kichaa cha mbwa, tumpeleke Bobi kwa veterineri. Chanjo yake ilikuwa imepitwa zamani. Baba mdogo akasema hapana, akaita mzee mmoja mwenye jiwe nyeusi. Mzee akachanja kidonda kwa wembe, akabandika jiwe, likang'ang'ania. Lilipoanguka akaliweka kwenye maziwa, akatuonyesha mapovu, akasema mnaona, sumu inatoka. Akampa na majani ya kunywa. Alilipwa kuku na pesa.

Kidonda kilifunga vizuri. Baba mdogo akawa ananicheka kila nikipita.

Wiki zilipita, nyingi, mpaka tukasahau. Halafu Bobi akaanza kujificha chini ya gari. Hali chakula. Anameza hewa. Sauti yake ilibadilika, ikawa nzito na ndefu, siyo kubweka, sijui niiite nini. Maji ukimwekea anataka kunywa, koo linakataa. Baba mdogo akasema ana mfupa kooni, akataka kumfungua mdomo. Nikamshika mkono. Wakati tunabishana mtoto wake wa kike, mdogo kabisa, akatambaa chini ya gari kumwita Bobi kwa jina.

Alimng'ata mkononi na shavuni.

Sitaeleza usiku ule wote. Mama yangu, ambaye hajasoma sana, ndiye aliyetuokoa. Alimkamata mtoto, akamweka chini ya bomba, sabuni ya kufulia, akaosha, akaosha, mtoto analia, watu wanasema inatosha, yeye anaendelea. Tulizunguka hospitali na hospitali kutafuta chanjo, mahali pamoja wakatuambia turudi wiki ijayo. Wiki ijayo! Asubuhi mpaka wa Rwanda ulipofunguliwa tukavuka kwenda Gisenyi. Alipata chanjo na ile sindano nyingine wanayochoma ndani ya kidonda chenyewe, na tukafuata tarehe zote walizoandika.

Bobi alikufa siku iliyofuata, amefungwa kwenye choo cha nje. Binti yuko hai. Anasoma. Ana alama shavuni.

Kwa hiyo mkiniambia dawa za kienyeji na za dokta ziende pamoja, nakubali kwa viungo, kwa kidonda, kwa chochote. Kwa raje, hapana. Jiwe halikufanya kitu. Mapovu yale ni hewa iliyomo kwenye vitundu vya jiwe, hata tofali kavu ukilitupa majini linatoa mapovu.

Nsimire (Bukavu)

Mungu wangu.

Yaya Jolie (Katindo)

Mpe mama yako mkono kwa niaba yetu.

Dada Neema (Mabanga)

Nimetoka nje kutafuta karatasi ya chanjo ya mbwa wetu. Siioni. Kesho naenda.

Tata Bushi (Kabare)

Pole kwa familia. Lakini msitukane jiwe nyeusi. Mimi niling'atwa na nyoka shambani, nikawekewa jiwe, niko hapa naandika.

Mwana wa UNILU (Lubumbashi)

Tata, nashukuru Mungu uko hai. Lakini nyoka wengi hawana sumu, na hata mwenye sumu mara nyingine anang'ata bila kuitoa. Aliyewekewa jiwe akapona analisimulia jiwe. Aliyewekewa jiwe akafa hasimulii. Jiwe lenyewe ni mfupa uliochomwa, linanyonya unyevu, ndiyo maana linang'ang'ania. Sumu iliyokwisha kuingia mwilini hailifuati.

Tata Bushi (Kabare)

Wamisionari walilitumia wenyewe. Nao walikuwa wajinga?

Mwana wa Birere

Tata kwa heshima zote, hatuongelei nyoka. Naongelea mtoto.

Tata Bushi (Kabare)

Nimekuelewa mwanangu. Kwa mtoto nanyamaza.

Mwana wa UNILU (Lubumbashi)

Naomba niandike hili vizuri kwa sababu wengi watasoma. Raje ikishaonyesha dalili, kwa mtu au mbwa, hakuna dawa, ya hospitali wala ya msituni. Karibu wote wanakufa. Watu wanaoupata, hadi asilimia 99 wanaupata kwa mbwa. Dalili zinaweza kuchukua miezi miwili mitatu kutokea, wakati mwingine siku chache, wakati mwingine mwaka, na hapo ndipo waganga wanapopata sifa: kidonda kinapona, mganga analipwa, virusi vinatembea polepole kwenye mishipa ya fahamu kuelekea kichwani.

Lakini kabla ya dalili kuna nafasi kubwa. Mama wa Birere alifanya kilekile kinachofundishwa: maji na sabuni, dakika 15 kamili, hata kama ni mkwaruzo. Halafu chanjo haraka, na kingamwili ndani ya kidonda kama meno yametoboa ngozi. Chanjo hii dunia inayo tangu Pasteur mwaka 1885. Kidonda usikichanje kwa wembe, unazidi kuvifungulia mlango. Na mbwa wako mwenye chanjo akiumwa na mbwa wa ovyo, mpeleke achanjwe tena mara moja.

Motari wa Majengo

Mimi nabeba mbwa kwenye moto kwenda chanjo, nusu bei, afungwe mdomo tu. Nasema kweli.

Dada Neema (Mabanga)

Kesho saa mbili, Mabanga kaskazini, usinicheleweshe.

Aline wa Keshero

Jamani na paka? Wote mbwa mbwa. Paka wangu ana viroboto, mama mkwe amesema nimponde kitunguu saumu nimchanganyie na samaki. Rafiki mwingine ameniletea mafuta ya harufu, yale ya chupa ndogo, nimpake shingoni.

Muzee wa Kyeshero

Kitunguu saumu sisi tuliwapa mbwa wetu, hawakufa.

Mwana wa UNILU (Lubumbashi)

Aline usimpe. Vitunguu vyote, maji na saumu, vinavunja chembe nyekundu za damu, na paka ndiye anayeumia zaidi. Mbwa mkubwa anaweza kustahimili kidogo, ndiyo maana muzee hakuona. Mafuta ya harufu nayo, hasa yale ya mti wa chai, usipake: ini la paka haliwezi kuyavunja, na atajilamba. Na dawa ya viroboto ya mbwa yenye permetrini usimpake paka hata tone. Chanuo la meno membamba, bakuli la maji ya sabuni la kuzamishia viroboto, fua anapolalia kwa maji ya moto, halafu tafuta dawa iliyoandikwa paka.

Aline wa Keshero

Na parasetamoli akiwa na homa?

Yaya Jolie (Katindo)

USITHUBUTU. Paka wa dada yangu alipewa nusu kidonge, muuza farmasi ndiye alisema. Ufizi uligeuka rangi ya kahawa, uso ukavimba, hakuona asubuhi. Nusu kidonge.

Aline wa Keshero

Asanteni. Nimeitupa.

Papa Chukudu (Ndosho)

Utupa je? Ule mmea wa kulewesha samaki. Wazee walikuwa wanaponda majani, wanaogeshea ng'ombe, kupe wanaanguka.

Mwana wa UNILU (Lubumbashi)

Papa hapo umesema kitu cha kweli. Utupa una rotenoni, inaua wadudu. Shida ni kipimo: jani la shamba hili na la shamba lile hayana nguvu sawa, na paka na watoto wa mbwa ni wepesi kudhurika. Na maji ya kuogeshea usimwage karibu na ziwa, samaki watakufa, wale wadogo wa Kivu waitwao sambaza, chakula chetu wenyewe. Kwa ng'ombe wanaweza kuendelea kuutafiti. Kwa mbwa wa nyumbani nunua dawa ya kupe. Ukiona mkojo wake umekuwa wa rangi ya chai nzito baada ya kupe, huo ni ugonjwa wa damu, hauna jani, ni sindano ya dokta siku ileile.

Papa Chukudu (Ndosho)

Salfa ya kuogeshea inapatikana wapi hapa Goma? Nauliza tu.

Dada Neema (Mabanga)

Papa! 👏 Uliza maduka ya dawa za mifugo ya Birere. Wakikosa wao, wenye ng'ombe wanajua njia.

Yaya Jolie (Katindo)

Nimesahau kitu. Tigre baada ya 2021 kila mlio anatetemeka. Januari 2025, siku zile za risasi, alikojoa ndani, akakwangua mlango mpaka kucha zikatoka damu. Nilimfunga kikwembe mwilini, kimebana kidogo kifuani na tumboni, mapua wazi, nikamlaza chini ya kitanda na redio karibu. Alitulia kiasi. Usiku mbaya zaidi alihitaji kidonge alichoandikiwa na dokta. Wenye mbwa waoga jaribuni kikwembe wakati wa amani kwanza, azoee, siyo siku ya mabomu.

Mwana wa Birere

Hiyo ya kikwembe nimeifanya kwa watoto pia.

Nsimire (Bukavu)

Naombeni nami msaada, najua si mbwa wala paka. Mtoto wangu ana dende mmoja (yule mnyama mdogo wa kufugwa kama panya mnene asiye na mkia), ndiye rafiki yake, si wa kula. Anajikuna, manyoya yanatoka shingoni. Mtu wa farmasi anataka kunipa amoksisilini ya watoto nimpe kwa matone.

Mwana wa UNILU (Lubumbashi)

Mama Nsimire, hapana! Dende na penisilini za kunywa haviendani, amoksisilini inaua vijidudu vizuri vya tumbo lake, anaharisha na kufa. Huo ni upele, ivermektini itasaidia lakini kwa kipimo kidogo mno, lazima apimwe uzito kwa gramu. Na mpe mapera na majani mabichi, dende kama mtu hatengenezi vitamini C mwilini, akiikosa ngozi na ufizi vinaharibika.

Nsimire (Bukavu)

Gramu nitapimia wapi? Mizani yangu ni ya maharagwe.

Tata Bushi (Kabare)

Bukavu unakosaje mizani ya gramu, mama? Nenda kwa wanunuzi wa dhahabu. Mwambie mtoto amfunge dende vizuri kwenye kikapu.

Nsimire (Bukavu)

Jirani yangu ananunua dhahabu kweli. Naenda kumwamsha.